Uliza Ujibiwe: Kompyuta imekufa, mafaili yako hai

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina steshonari Mwenge, natoa fotokopi, naskani vyeti, nawajazia vijana maombi ya mkopo na ya ajira. Stoo imejaa, kompyuta mbili za mezani, laptopu moja kioo kimekufa na fotokopi kubwa imegoma kabisa. Kijana wa vyuma chakavu kaja na guta anataka zote kwa elfu arobaini. Kompyuta moja nimeshafomati, mume wangu anasema hiyo inatosha niuze tu. Inatosha kweli?
Mama Steshonari, Mwenge

JIBU: Haitoshi dada, afadhali umeuliza guta halijaondoka. Ukidiliti faili kompyuta haifuti faili lenyewe, inafuta kumbukumbu ya lilipokaa, sawa na kufuta namba ya nyumba ukutani wakati nyumba ipo na wapangaji wamo ndani. Fomati ya harakaharaka nayo ni hivyohivyo, mtu mwenye programu ya bure ya kurudisha mafaili anayatoa jioni moja tu. Na wewe humo una namba za NIDA, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya fomu foo na (usinikatalie, steshonari zote nazijua) kile kifaili chenye pasiwedi za watoto wa watu.

Laptopu ndo inadanganya wengi, kioo kufa hakuhusiani na diski inayotunza mafaili, diski ni nzima na ikichomekwa kwenye mashine nyingine inasoma.

Kompyuta inayowaka, ya Windows 10 au 11, ukiriseti chagua kuondoa kila kitu halafu washa lile chaguo la kusafisha diski, watu wanairuka kwa vile inakula masaa. Ila mimi ningekuwa wewe ningetoa diski zote nibaki nazo, ni skrubu chache tu, na kijana wa chakavu anapima kilo, hataona tofauti. Diski za kuzunguka za laptopu nyingi sahani zake za ndani zinazobeba data ni kioo, nyundo inazimaliza. Za mezani mara nyingi ni alumini, hizo toboa na drili mashimo matatu manne yapite kwenye sahani, na uvae miwani. Ukikuta diski ya aina ya SSD hamna sahani, ni chipu, kwa hiyo kila chipu ivunjike, sumaku ya spika unayoambiwa mtaani haiifanyi kitu. Usichome moto tafadhali, moshi wake ni sumu na majirani wanapumua.

Sasa fotokopi, hii ndo hakuna anayeiwaza. Mashine nyingi kubwa za kidijitali zina diski ndani na inaweza kubaki na picha za karatasi zilizopita. Mwaka 2010 televisheni ya CBS kule Marekani ilinunua fotokopi nne za mtumba, wakatoa humo nyaraka za polisi na taarifa za wagonjwa! Muite fundi wako wa mashine aifungue, kama ina diski aitoe wewe ukiwa umesimama hapohapo, sio aondoke nayo "kuicheki ofisini".

Na mwambie shemeji tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, anayekusanya taarifa za watu anatakiwa azilinde, haisemi steshonari ndogo imesamehewa. Mabodi na magamba yaliyobaki ukiweza mpe mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali cha mazingira badala ya guta, hata akikupa kidogo.

SWALI: Nataka kuongezea hela nibadilishe simu Kariakoo, nikiriseti ya zamani niko salama?
Kijana wa Tabata

JIBU: Simu ya miaka ya karibuni, yes, kwa sababu data imefungwa kwa msimbo usiosomeka bila ufunguo uliomo ndani ya simu, na ukiriseti ufunguo huo unakufa. Toa kwanza akaunti ya Google, la sivyo mnunuzi anaweza kukurudia simu imejifunga inadai pasiwedi yako. Laini chomoa. Na memori kadi chomoa pia, maana kuriseti kwa kawaida hakuigusi, picha zako zote zinahamia mtaa wa Aggrey hapo Kariakoo pamoja na simu.