Jicho kuuma baada ya sindano: usisubiri miadi
Dada yangu, umeeleza kwamba mama alidungwa sindano ya jicho Kampala siku tatu zilizopita kwa ajili ya madhara ya kisukari machoni, na leo, mkiwa Jinja, jicho linamuuma na anaona ukungu. Tafadhali msisubiri miadi ya wiki ijayo. Doa jekundu lisilouma kwenye weupe wa jicho ni la kawaida, lakini maumivu yanayozidi pamoja na uoni unaofifia huweza kuwa dalili ya maambukizi ndani ya jicho, ambayo ni nadra, ila hupofusha upesi. Matone ya duka la dawa hayatoshi, kwani hayafiki huko ndani ipasavyo. Daktari huchukua ute kidogo wa jicho kwa uchunguzi, kisha hudunga antibiotiki humo humo. Mpigieni aliyemdunga, na mwende kwake au Hospitali ya Mulago, Kampala, leo hii, hata kama ni usiku.