Hesabu njia za mwanga kabla ya kuendesha modeli

Ukipewa kazi ya kuiga kwa kompyuta jinsi mwanga unavyopita kwenye muundo unaojirudia, iwe gretingi (uso wenye mistari inayojirudia), safu ya vijiti vya silikoni au matundu kwenye utando wa dhahabu, programu itakuvuta uanze kuchora. Usianze huko. Shika kalamu uandike umbali wa mrudio d, urefu wa wimbi λ, pembe θ ya mwanga unaoingia, na fahirisi ya mpindo n ya pande zote mbili, juu na chini ya muundo. Hayo yanatosha kukuonyesha mwanga una njia ngapi za kutokea, na matokeo mengi ya ajabu ninayoletewa chanzo chake ni njia iliyosahaulika.

Chukua gretingi ya d = nanomita 600 juu ya kioo cha n = 1.5, mwanga wa nanomita 550 ukitokea hewani. Kila njia huitwa oda na ina namba yake m, na oda ya m husafiri iwapo sin θ + mλ/d, ukiacha alama ya kutoa, ni ndogo kuliko n ya upande husika. Hapa λ/d ni 0.917. Ukimulika wima, hewani zinapita oda −1, 0 na +1, na ndani ya kioo hizohizo, kwa hiyo njia ni 6. Sasa inamisha mwanga hadi nyuzi 30. Hewani +1 inafika 1.417 na kufungwa, −1 inabaki. Kwenye kioo zile tatu zinaendelea, na −2 inafunguka kwa kuwa 1.333 haifiki 1.5. Jumla ni 6 tena, lakini si zilezile! Anayetazama idadi tu hataona kilichobadilika.

Poti ni uso wa modeli ambako mwanga huingia na kutokea, na iliyoandaliwa kwa oda 0 peke yake huipokea hiyo tu. Nyingine zikiifikia hurudishwa ndani ya seli (mrudio mmoja unaochorwa), na grafu inaota vilele ambavyo mgeni hufurahia akidhani amepata resonansi ya muundo wake. Ipe kila njia oda yake kwenye poti, au weka tabaka la kufyonza nyuma yake. Ukibadilisha pembe au λ hatua kwa hatua, orodhesha njia za masafa yote, maana programu nyingine huhesabu oda mara moja tu, kwa thamani ya mwanzo. Poti pia isikae karibu mno na muundo: oda zilizofungwa bado zina uga unaofifia taratibu kutoka usoni, na unahitaji nafasi ya kuisha.

Mipaka ya pembeni ni ya Floquet, yaani inayounganisha pande mbili za seli. Uga wa upande mmoja haulingani na wa pili, unatofautiana nao kwa awamu ya 2πn·d·sin θ/λ, ambapo n ni ya upande mwanga unakotoka. Katika mfano wetu wa nyuzi 30 hiyo ni kama nyuzi 196, karibu kinyume kabisa. Meshi (vipande vidogo vinavyoigawa modeli) ya pande hizo mbili iwe moja: gawanya upande mmoja, unakili kwenye wa pili, ndipo ujaze katikati. Pima vipande kwa λ/n, si λ, na ndani ya metali kwa kina ambacho mwanga unapenya, ambacho ni kidogo sana.

Kabla ya kuamini chochote, ondoa gretingi ubakize hewa na kioo. Kwa mwanga wa wima lazima upate mwakisiko wa asilimia 4. Kwa nyuzi 56.3, uga wa umeme ukiwa ndani ya bapa la kuingilia (lile lenye mwale unaoingia na mstari wima kwa uso), mwakisiko unapaswa kupotea. Kisha rudisha gretingi na uweke mirudio miwili ndani ya seli moja: oda mpya zitajitokeza, na zote zisibebe nishati.

Ndipo ujumlishe mwakisiko, upitishaji na ufyonzaji. Ufyonzaji uupate kwa kujumlisha nishati inayopotea ndani ya mada. Ukiupata kwa kutoa, jumla itakuwa 1 hata modeli ikiwa mbovu. Mwakisiko na upitishaji pekee vikizidi 1 kwenye metali, kagua alama ya sehemu ya kufikirika ya n, yaani k inayoonyesha ufyonzaji: programu inayoandika wimbi kwa exp(+iωt) inataka n − ik. Na jumla ya 1 haithibitishi kuwa meshi inatosha. Fanya vipande vyake viwe vidogo zaidi uone kama namba zinatulia.

Robert Wood aliona mwaka 1902 mwanga wa gretingi ukibadilika ghafla katika urefu fulani wa wimbi, na mwaka 1907 mwanafizikia Rayleigh alihusisha mabadiliko hayo na oda inayofunguka au kufungwa. Kwa gretingi yetu, ukimulika wima, tazamia hilo kwenye nanomita 600 upande wa hewa na 900 upande wa kioo. Fanya hatua zako za λ ziwe ndogo zaidi hapo, na usiliamini sana tabaka la kufyonza, kwa sababu oda inayofunguka hutambaa sambamba na uso na tabaka huikamata kwa shida.

Wanaotumia mpigo wa mwanga wa masafa mapana wana tatizo la ziada. Awamu ya pembeni ikishawekwa isibadilike, pembe hubadilika na rangi: uliyoiweka nyuzi 30 kwa nanomita 550 inakuwa karibu 24 kwa 450 na 39.5 kwa 700. Grafu moja ya namna hiyo ina pembe nyingi ndani yake.