Maswali ya Wasomaji: Frieren, mizani ya Aura na fimbo ya kupanda nayo matatu

Barua za mwezi huu karibu zote zinamhusu Frieren, yule mchawi wa hadithi ya Kijapani, elfi (kiumbe anayeishi miaka mingi mno) wa nywele nyeupe. Kama bado hujafika kipindi cha 10, ruka jibu la pili. Usije ukatulaumu.

Kila mtu anamsifu Frieren. Nianze na manga (katuni za kusoma) au anime (katuni za kutazama)? Na nasikia shujaa anafariki mapema, sasa hadithi inabaki na nini? (Msomaji, Umoja)

Anza na anime. Msimu wa kwanza una vipindi 28, kazi ya studio ya Madhouse, na ulionyeshwa Japani kuanzia Septemba 2023 hadi Machi 2024. Vipindi vinne vya kwanza vilirushwa kwa mpigo usiku mmoja, nawe vitazame hivyohivyo. Ukikomea cha kwanza utadhani ni hadithi ya matanga tu. Manga inaandikwa na Kanehito Yamada na kuchorwa na Tsukasa Abe, na ilianza kutoka Aprili 2020. Msimu wa pili ulianza Januari 2026. Ukitaka kuendelea kwa kusoma baada ya kipindi cha 28, fungua sura ya 61.

Ni kweli, Himmel, yule shujaa aliyesafiri na Frieren, anafariki. Hadithi hii inaanzia pale nyingine zinapoishia: Mfalme wa Mapepo ameshauawa, na safari ya miaka 10 imekwisha. Kwa Frieren, aliyeishi zaidi ya miaka 1,000, miaka 10 si kitu. Anawaaga wenzake, anarudi baada ya miaka 50 na kumkuta Himmel ni mzee, na punde si punde wanamzika. Kaburini ndipo anapogundua kwamba hakujishughulisha kumjua. Yanayofuata, pamoja na mwanafunzi wake Fern na mpiganaji Stark, ni safari ya kwenda kaskazini, Aureole, mahali roho za wafu zinaposemekana kupumzika, ili azungumze na Himmel.

Aura, yule pepo anayepigana na Frieren, ameishi miaka 500 na ana jeshi zima. Iweje mizani yake imgeuke? Mimi naona waandishi walimpendelea Frieren. (Mwanafunzi, Kasarani)

Hakupendelewa. Aura aliponzwa na mazoea yake mwenyewe.

Mizani yake hupima roho mbili, yake na ya adui. Mwenye mana nyingi zaidi, yaani ile nguvu ya uchawi iliyo mwilini, humtawala mwenzake, na aliyeshindwa hutii kila amri mpaka kufa. Mwenye moyo mgumu anaweza kukaidi kwa muda, ndiyo maana Aura huwakata vichwa anaowateka kisha akawatembeza ndani ya deraya zao. Silaha hiyo ina hatari moja, na mwenyewe anaijua: ukikosea hesabu, unajifunga wewe. Kwa hiyo kabla ya kuitumia huangalia kwanza mana inayofuka kwenye mwili wa adui.

Hapo ndipo Frieren alipomtegea. Flamme, binadamu aliyemfundisha, alimwagiza aibane mana yake usiku na mchana, maisha yake yote, si vitani tu. Anayeificha kwa dakika chache huwa mana yake inayumba, na pepo mzoefu huona. Ya Frieren haiyumbi kwa sababu ameibana kwa zaidi ya miaka 1,000. Aura aliangalia, akaona imetulia, akaamini.

Kuna sababu nyingine, na kwetu ndiyo nzito zaidi. Kwa mapepo, mana ni cheo. Huitembeza hadharani kama tajiri wa mjini anavyotembeza gari jipya, na kuificha ni kujivunjia heshima. Hivyo wazo kwamba mtu anaweza kuishi karne kumi akijionyesha mdogo haliwaingii akilini kabisa. Flamme hakumfundisha mbinu ya vita tu. Alimfundisha kutumia majivuno ya adui.

Rudia mwanzo wa pambano uangalie mikono ya Frieren. Badala ya kulipua zile deraya, anaondoa uchawi unaoziendesha, njia inayokula mana nyingi. Aura anafurahi, akidhani mwenzake anajimaliza. Kumbe miaka 80 nyuma Frieren aliwahi kuilipua miili ile na Himmel akamkasirikia. Basi hata baada ya gharama yote hiyo, mizani inalalia upande wake, na amri anayoitoa ni moja tu: Aura ajiue.

Lakini usihitimishe kwamba mwenye mana nyingi hushinda daima. Frieren mwenyewe anasema ameshawahi kushindwa mara 11 na wachawi wenye mana ndogo kuliko yake: mapepo wanne, elfi mmoja na binadamu sita.

Fern anatumia uchawi uleule wa yule pepo Qual? (Msomaji, Rongai)

Asili yake ni uleule, Zoltraak. Qual alipoubuni ulipenya kinga na deraya zote za wakati huo, na katika eneo lake uliua asilimia 40 ya wapiganaji wasafiri na asilimia 70 ya wachawi. Himmel na wenzake hawakuweza kumuua, wakamfungia. Katika miaka 80 aliyofungiwa, binadamu waliuchambua, wakatengeneza kinga inayouzuia, na leo ni uchawi wa kawaida wa kushambulia. Kasoro ya kinga hiyo ni kwamba inakula mana sana, na Qual alipofunguliwa aliligundua hilo papo hapo. Ndiyo maana Fern huifungua pale tu panapopigwa, si kuzunguka mwili mzima.

Nataka kuvaa kama Frieren kwenye NAICCON, lile tamasha la katuni la Nairobi. Wigi linanishinda, na fimbo niliyotengeneza ilibanduka rangi. Tena nitafika kwa matatu! (Msomaji, Kayole)

Wigi kwanza. Kosa la wengi ni kununua wigi refu la kawaida na kulivuta juu liwe mikia miwili. Wavu wa nyuma unaachwa wazi, kwa sababu nyuzi za shingoni zimeshonwa zikielekea chini. Chukua wigi jeupe la wastani, uongeze mikia miwili ya kubana. Kisha mwambie msusi afumue mistari mitatu ya chini kabisa, pale kisogoni, na kuishona upya ikielekea juu. Mikia ikiwa ya sentimita 80 hivi inatosha. Ikizidi hapo inavuta kichwa nyuma na kujifunga mafundo. Chana kuanzia ncha kwenda juu, ukinyunyizia maji yaliyochanganywa na dawa ya kulainisha nguo, sehemu moja kwa kumi. Usipitishe pasi ya nywele kabla ya kuijaribu kwenye uzi mmoja uliofichika, maana nyuzi nyingi za bei nafuu huyeyuka.

Sasa fimbo. Bomba la plastiki la maji ni jepesi lakini hupinda, kwa hiyo ingiza ndani mti wa ufagio uliochongwa upite kwa kubana. Likate katikati na uunganishe kwa soketi ya mafundi bomba bila gundi, ila skrubu moja. Ndani ya matatu litakuwa vipande viwili mapajani, na kondakta hatakuwa na neno.

Rangi ilibanduka kwa sababu bomba ni laini na lina mafuta ya kiwandani. Lisugue kwa msasa namba 120, kisha 240, mpaka mng'ao wake uishe. Lifute kwa spiriti na usiliguse tena kwa vidole vitupu. Puliza rangi ya msingi mara mbili, kisha nyekundu mara tatu, nyembamba kila mara, na subiri dakika 20 kati ya mkono mmoja na mwingine. Rangi ya magari ya Kirinyaga Road inafaa. Ukipuliza nzito ili umalize haraka, itatiririka, na pale unaposhika itabanduka baada ya saa moja.

Kile kichwa cha dhahabu kichonge kwenye vigae vya sponji vya watoto, vile vinavyoshikana kama fumbo, viwili vikigandishwa kwa gundi ya fundi viatu. Usitumie sponji nyeupe ya kufungia televisheni. Rangi ya kupuliza huila ikabaki mashimo. Kabla ya rangi, paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, mara nne. Jiwe jekundu ni mpira wa plastiki angavu wa mapambo ya Krismasi, uliopakwa rangi ya kucha kwa ndani, si kwa nje.

Kitambaa gani kwa lile vazi jeupe, na mita ngapi? (Fundi wa nguo, Kawangware)

Gabadini, si satini. Satini inamulika chini ya taa za ukumbini na kuonyesha kila mshono. Kwa mteja wa sentimita 160, mita tatu za upana wa mita moja na nusu zinatosha vazi na kile kikepu cha mabegani, ukiongeza mita mbili za bitana. Nunua utepe wa dhahabu mita 10, uuloweke na kuukausha kwanza. Ukishonwa bila kulowekwa, kufua mara ya kwanza kutaukunja na pindo lote kuvutika. Fulana ya milia myeusi na myeupe ya mikono mirefu usiishone, itafute Gikomba.