Mpungate wangu wa kwanza niliuua kwa maji

Mpungate wangu wa kwanza, ule mmea wa miiba wa jamii ya dungusi kakati, uliishi miezi minne tu. Kila jioni niliupitia na kopo la maji kama nilivyopitia maua mengine, nao ulikuwa wa kijani, umesimama wima, sina wasiwasi wowote. Siku moja nikaugusa pale chini unapoingia udongoni, kidole kikazama. Palikuwa pameoza, maji ya rangi ya chai yakachuruzika, na harufu ile sijaisahau. Bapa la juu kabisa ndilo pekee lililokuwa zima, na mpungate nilio nao leo umetokana nalo.

Nasema bapa, ingawa wengi huliita jani. Lile ni shina. Majani yenyewe ni vile vichomozo vidogo unavyoviona kwenye bapa changa, ambavyo hupukutika mapema. Shina hilo ni ghala la maji, na mmea hufungua vitundu vyake vya kupitisha hewa usiku kukiwa na ubaridi, kisha huvifunga mchana maji yasipotee. Ukiunywesha kila siku, mizizi inakosa hewa na kuoza.

Kama unaanza, tafuta bapa lililokomaa, ulikate kwenye kiungo kwa kisu safi. Usilipande siku hiyo, tafadhali. Liache kivulini mahali pakavu wiki moja hadi mbili mpaka kidonda kiote gamba gumu. Langu lilikaa juu ya kabati siku 12. Lilisinyaa, ngozi ikajikunja, nikatamani kulimwagia walau tone, nikajizuia. Kisha nikachanganya mchanga na changarawe ndogo nusu kwa nusu na udongo wa kawaida, kwenye chungu chenye matundu chini. Nililizika kiasi cha kulisimamisha tu, nikalishikiza kwa mawe mawili, na sikulipa maji wiki nyingine mbili. Baada ya mwezi hivi nililivuta taratibu, likakataa kung'oka. Nilifurahi sana siku ile.

Tangu hapo namwagilia pale tu udongo unapokuwa umekauka hadi chini, na nikimwagilia nalowesha kweli mpaka maji yatoke matunduni. Msimu wa baridi karibu simwagilii kabisa. Jua nalo liwe la kutosha, saa sita kwa siku au zaidi. Bapa jipya likirefuka na kuwa jembamba kama ulimi, ujue linatafuta mwanga. Matunda yanahitaji subira ya miaka kadhaa, na kwa kawaida hutokea ukingoni mwa mabapa ya msimu uliopita, kwa hiyo anayepogoa ovyo anajinyima matunda.

Miiba mirefu haitishi sana, kwa sababu unaiona. Hofia vile vidoa vya rangi ya kahawia vinavyofanana na mahameli. Kila kidoa kina mamia ya vimiba vyembamba kama nywele, vyenye ncha za ndoano, na hata aina inayouzwa kama haina miiba huwa navyo. Glavu za kitambaa havizijali, tena hubaki humo vikusubiri siku nyingine. Mimi hushika bapa kwa koleo au kwa gazeti lililokunjwa mara nyingi. Vikikuingia, usijisugue. Toa unavyoviona kwa kibano, kisha paka gundi nyeupe ya karatasi, weka kitambaa chepesi juu, ikikauka ubandue.

Ukiona madoa meupe kama pamba kwenye bapa, liminye moja kwa kijiti. Likitoa rangi nyekundu iliyokolea, hao ni wadudu wa kochinili, wale wale ambao watu wa Meksiko waliwafuga tangu kale kwa ajili ya kutia nguo rangi. Wananyonya mmea mpaka unadhoofika. Wasugue kwa mswaki na maji ya sabuni, rudia kila wiki, na bapa lililojaa likate.

Ila vipande ulivyokata usivitupe kichakani. Kila kimoja kinaweza kuota mizizi. Australia mpungate ulimeza mamilioni ya ekari za malisho, mpaka mwaka 1926 walipoachilia nondo kutoka Argentina ambao viwavi wao waliutafuna. Vyangu navianika juu ya bati, mbali na udongo, hadi vikauke kama ngozi ya ngoma, ndipo navichoma.