Kuvuka Ziwa Usiku kwa Tanga: Maswali ya Wasomaji

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mwongoza watalii katika Mlima Kilimanjaro. Mgeni niliyemfikisha kileleni amenialika kwao Milwaukee, Marekani, ili mwezi Juni niwe mmoja wa mabaharia wa mashua yake katika mashindano ya kuvuka Ziwa Michigan kwa usiku mmoja. Sijawahi kupanda chombo cha tanga, na kuogelea ninajua kidogo tu. Watu hao hulala saa ngapi? Huonaje gizani? Na je, nikubali mwaliko huu? (Msomaji, Kiboriloni, Moshi)

Jibu: Ndugu yangu wa Kiboriloni, kubali, lakini kwa sharti moja nitakalolieleza punde. Kwa maelezo yako, mashindano hayo yanaelekea kuwa yale yaitwayo Queen's Cup, yaliyoanza mwaka 1938, ambayo mashua zake hung'oa nanga Milwaukee siku ya Ijumaa na kuelekea bandari mojawapo ya ng'ambo, katika jimbo la Michigan. Usiyachanganye na yale ya kutoka Chicago hadi kisiwa cha Mackinac, ambayo ni makongwe zaidi, kwani yalianza mwaka 1898, na ambayo umbali wake wa kilomita 536 huzilazimu mashua nyingi kulala ziwani zaidi ya usiku mmoja. Safari yako itakuwa ya kilomita mia moja na ushee, na mashua inayokwenda kilomita 12 kwa saa huimaliza kabla ya saa sita mchana wa siku ya pili, iwapo upepo hautaizimikia njiani.

Usiku wenyewe utakushangaza kwa ufupi wake. Mwishoni mwa Juni jua la Milwaukee huzama kama saa mbili na nusu usiku na kuchomoza baada ya saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo giza hasa ni la saa chache. Kwa sababu hiyo mabaharia wengi hujidanganya kwamba hakuna haja ya kulala, nao hukesha wote pamoja hadi saa tisa usiku, saa ambayo vichwa huwa vizito na maamuzi mabaya hufanyika. Manahodha makini huwagawa watu wao katika zamu mbili, kila zamu ikikaa juu saa tatu au nne, na anayepumzika hutakiwa kujilaza hata kama usingizi hauji. Ukiambiwa ushuke ulale, shuka. Usione haya kwa kuwa wewe ni mgeni. Kama tumbo husumbuliwa na mawimbi, meza dawa ya kichefuchefu kabla ya kuondoka, kwa maana ukishaanza kutapika dawa haikai tumboni, na mawimbi ya ziwa hilo ni mafupi yenye kusimama wima kuliko yale marefu ya bahari kuu.

Kuhusu kuona gizani, jambo hilo unalijua kuliko unavyodhani. Wewe unayewaamsha wageni usiku wa manane pale kambi ya Barafu umekwisha kuona jinsi mtu anayemulikwa usoni na taa anavyopofuka kwa dakika kadhaa. Jicho huhitaji karibu nusu saa kulizoea giza, na mwali mmoja wa simu huirudisha kazi hiyo yote mwanzo. Ndiyo maana juu ya mashua hutumika taa nyekundu tu, tena kwa uchache. Mshika usukani hachungulii dira wakati wote. Huchagua nyota iliyo chini karibu na upeo, huiweka kando ya mlingoti na kuifuata, kisha baada ya robo saa hivi huibadilisha kwa kuwa nyota nazo zinasafiri. Hapo utakutana na mgeni wa anga: Nyota ya Kaskazini, ambayo kutoka Moshi haionekani kabisa kwa sababu tuko kusini ya ikweta, huko husimama karibu nusu ya kimo cha mbingu. Kwa upande mwingine, ile Salibu ya Kusini uliyoizoea hutaiona.

Kingine cha kujifunza kabla ya kuondoka ni taa za vyombo. Kila chombo huwasha taa nyekundu upande wake wa kushoto, ya kijani upande wa kulia na nyeupe nyuma. Ukiiona nyekundu peke yake, chombo kinakuonyesha ubavu wake wa kushoto. Ukiziona nyekundu na kijani kwa pamoja, kinakuja moja kwa moja mlipo. Katika maziwa yale hupita meli za mizigo zenye urefu unaofikia mita 300, ambazo haziwezi kusimama wala kugeuka upesi, kwa hiyo baharia wa kwanza kuziona taa mbili pamoja hana budi kupaza sauti bila kungoja uhakika zaidi.

Kazi utakayopewa itakuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuifanya. Utakaa ukingoni upande wa joshi, yaani ule unaopigwa na upepo, miguu ikining'inia nje, ili uzito wako uizuie mashua isilale mno. Wanapogeuza tanga wakati wa kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kupindapinda, utainama, utapita chini ya foromali, ule mti unaoshika tanga, na kukaa upande wa pili. Upepo ukiwa hafifu utahamishiwa upande wa demani, yaani ule usiopigwa na upepo, na hapo utaombwa utulie kama gogo, kwa sababu kila hatua nzito huutikisa mlingoti na kuumwaga upepo mdogo uliokuwa umeshikwa na tanga.

Sasa lile sharti. Jifunze kuogelea barabara kabla ya Juni, na usikubali kukaa juu ya mashua usiku bila jaketi la kujiokolea lenye taa, pamoja na mkanda uliofungwa kwenye chombo. Hesabu yake ni rahisi na ya kutisha: mashua inayokwenda kilomita 13 kwa saa humwacha aliyeanguka zaidi ya mita 200 nyuma kwa dakika moja tu, na kichwa cha mtu katikati ya mawimbi usiku hakionekani hata kwa nusu ya umbali huo. Maji ya Michigan mwezi Juni bado ni ya baridi kali, hasa mbali na pwani, na baridi hiyo humkata mtu pumzi kabla hajapiga mkono wa kwanza. Kwa hiyo ujuzi wa kuogelea hukupa utulivu, lakini mkanda ndio unaokuokoa. Nahodha atakayekuambia kwamba mkanda ni wa waoga, mshukuru kwa mwaliko na ubaki nchi kavu. Nguo zako za kileleni, zile zisizopitisha upepo na maji, zifungashe zote.

Swali: Mimi ni mwalimu wa jiografia. Ziwa Victoria ni kubwa kuliko Michigan. Mbona mashindano ya usiku ya namna hiyo hatuyasikii kwetu? (Msomaji, Sakina, Arusha)

Jibu: Ni kweli, Mwalimu, Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800 na Michigan takribani 58,000. Gharama ya mashua ina sehemu yake, lakini mimi ningeanza na hali ya hewa, kwa kuwa maziwa haya mawili hufanya mambo kinyume kabisa usiku.

Mwanzoni mwa kiangazi chao maji ya Michigan ni ya baridi na hewa inayotoka nchi kavu ni ya joto. Hewa iliyogusa maji hupoa, ikawa nzito na kutandaa juu ya ziwa kama tabaka lisilotaka kuchanganyika na lililo juu yake. Upepo wa juu huteleza bila kushuka, na mabaharia hukaa kimya wakitazama tanga linavyolegea. Wakati mwingine ukungu hufuata. Dhoruba kali hutokea pia, na katika mashindano ya Mackinac ya mwaka 2011 mashua moja ilipinduliwa usiku na watu wawili wakafa, lakini adui wa kawaida wa usiku wa Michigan ni upepo kufa.

Victoria maji yake hubaki na joto mwaka mzima. Usiku nchi kavu inayolizunguka hupoa, pepo za nchi kavu huvuma kutoka pande zote kuelekea ziwani, hukutana katikati, na hewa hiyo yenye unyevu mwingi haina pa kwenda ila juu. Mawingu ya radi hukua gizani na kuvunjika usiku wa manane hadi alfajiri, saa zile zile ambazo mashua za mashindano zingekuwa mbali kabisa na bandari. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kwa watumiaji wa ziwa, na ningependa kuona mwandaaji yeyote akianzia hapo. Yapo pia ya uso wa maji: wavuvi wa dagaa na taa zao huonekana vizuri, bali nyavu zilizotegwa, mitumbwi isiyo na taa na magugumaji havionekani. Mbio za mchana kutoka Mwanza zingenifurahisha. Za usiku, kwa sasa, nisingezishauri.

Swali: Je, mashua inayofika kwanza ndiyo inayoshinda? (Msomaji, Njiro, Arusha)

Jibu: Si lazima. Mashua ndefu kwa kawaida huwa na mbio zaidi, kwa hiyo kila chombo hupewa kiwango kulingana na umbo, uzito na ukubwa wa matanga yake, na muda wake halisi hurekebishwa kwa kiwango hicho. Mashua ndogo iliyofika saa mbili baada ya kubwa yaweza kutwaa kombe. Ongeza kwamba saa za Milwaukee na za bandari za jimbo la Michigan hutofautiana kwa saa moja, na utaelewa kwa nini waamuzi hushikilia saa ya upande mmoja tu.

Swali: Mwanangu ana miaka 11 na anataka kujifunza tanga. Aanzie wapi karibu na huku? (Mzazi, Usa River)

Jibu: Ziwa Duluti liko jirani yenu, nalo linafaa kwa kujifunza kupiga kasia na kuyazoea maji, lakini kingo zake ndefu zenye msitu huukatakata upepo, na mtoto hataelewa tanga linataka nini. Bwawa la Nyumba ya Mungu lina upepo wa kutosha, ila mamba wake wananifanya nisilipendekeze kwa mwanafunzi atakayepinduka mara kwa mara. Mpeleke Tanga wakati wa likizo, akaanze katika maji yaliyokingwa na ghuba, na ulizia mashua ndogo aina ya Optimist, isiyofika mita 2.5 kwa urefu, iliyoundwa kwa watoto wa hadi miaka 15. Hakikisha anaweza kuogelea akiwa amevaa nguo kabla hujalipa nauli.