Matoroli yakigongana, nishati huenda wapi?

Shikamoo mwalimu. Tuligonganisha matoroli mawili, kila moja kilo 1. La kwanza lilikwenda mita 0.6 kwa sekunde, la pili lilikuwa limesimama. Plastisini ikayagandisha, yakaenda pamoja mita 0.3 kwa sekunde. Momenta (tungamo, yaani kilo, mara mwendo) imebaki 0.6, lakini nishati ya mwendo imeshuka kutoka jouli 0.18 hadi 0.09. Tumekosea wapi?

Marahaba. Hamjakosea popote. Wakati wa kugongana, toroli la kwanza linalisukuma la pili, na la pili linalisukuma la kwanza kwa kani ileile na kwa muda uleule. Linachopoteza hili ndicho linachopata lile, kwa hiyo jumla ya momenta haiguswi. Nishati ya mwendo haina kinga hiyo. Itazameni plastisini: ilikuwa donge la mviringo, sasa imebonyea na ina alama ya ubao wa toroli. Kuibonyeza kumekula nishati. Kidogo kimeondoka na ule mlio mliousikia, na mwishowe karibu yote iliyopotea hugeuka joto, ila ni dogo mno kulihisi kwa kidole.

Tena ile nusu haikutokea kwa bahati. Matoroli yenye tungamo sawa, moja likiwa limesimama, yakigandana lazima yapoteze nusu. Lile lililosimama libebesheni toroli la tatu mgongoni, kisha mrudie: mwendo utashuka hadi 0.2 na nishati itabaki theluthi moja tu. Nawasihi mlifanye hili, linaelimisha kuliko kurasa kumi za nadharia.

Sisi tulipata momenta 0.55 baada ya mgongano badala ya 0.60. Mwenzangu anataka tuandike 0.60 tupate maksi.

Tafadhali msiandike. 0.55 ndiyo mliyopima. Mwizi wenu ni msuguano. Inueni ncha moja ya ubao mnaoendeshea matoroli kidogo kidogo mpaka toroli likisukumwa literemke kwa mwendo usiobadilika. Tepu, ule utepe wa karatasi unaovutwa na toroli, itawaambia: kipimamuda huipiga nukta 50 kwa sekunde, na nukta zikiachana sawasawa, ubao uko tayari. Kwa mita 0.6 kwa sekunde, nafasi 10 za nukta zitachukua sentimita 12. Pimeni karibu na pale mgongano ulipotokea, kabla na baada, si mwisho wa tepu. Mimi daftari lenye 0.55 na maelezo ya msuguano hulipa maksi kwa moyo mweupe.

Shule yetu haina matoroli. Tufanyeje?

Tafuteni gololi sita zinazolingana na rula yenye mfereji katikati. Pangeni nne zikigusana, kisha zigongeni kwa moja: upande wa pili itatoka moja. Gongeni kwa mbili zilizoshikana, zitatoka mbili. Sasa jiulizeni kwa nini haitoki moja yenye mwendo maradufu. Kwa momenta hesabu ingekubali. Ila nishati hufuata mraba wa mwendo, na gololi hiyo moja ingehitaji nishati mara mbili ya ile mliyoileta. Itoke wapi? Christiaan Huygens, Mholanzi, alilieleza hili mwaka 1669: miili migumu ikigongana, zidisha tungamo ya kila mmoja kwa mraba wa mwendo wake, jumlisha, na jumla hiyo haibadiliki.

Mwanangu alidondosha mpira kutoka mita 1, ukadunda hadi sentimita 64. Anasema umebakiwa na asilimia 64 ya nishati lakini asilimia 80 ya mwendo. Ni sawa hivyo?

Ni sawa kabisa, mama, mpongeze. Kimo huendana na nishati, na 0.8 mara 0.8 ni 0.64. Momenta nayo imechukuliwa na dunia yenyewe, ambayo ni kubwa kiasi kwamba haionekani kutikisika. Mwambie sasa audondoshe juu ya zulia, na aandike kimo kabla hajakokotoa chochote.