Nimevunjika paja na uzito umeongezeka: nianze lini kupunguza chakula?

SWALI

Habari za kazi, daktari. Nina umri wa miaka 41, naishi Morogoro, na urefu wangu ni sentimita 172. Wiki saba zilizopita niligongwa na gari nikiwa abiria wa bodaboda, nikavunjika mfupa wa paja la kulia, nikafanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma ndani ya mfupa. Kabla ya ajali nilikuwa na kilo 93, lakini baada ya wiki tano za kulala na kula nilifika 97. Daktari wa mifupa akaniambia nipunguze uzito, kwa kuwa mguu huo ndio utakaoubeba mwili nitakapoacha magongo. Tangu siku hiyo nakula mlo mmoja tu, jioni, nimeacha kabisa ugali na wali, na asubuhi nakunywa maji ya moto yenye ndimu na tangawizi. Kwa wiki mbili nimepungua kilo tatu. Tatizo ni kwamba paja la kulia limekonda sana kuliko la kushoto, nasikia kizunguzungu nikisimama na magongo, na sehemu moja ya mshono bado inatoa majimaji kidogo. Je, niendelee hivi hivi? Na mtu aliyevunjika anapaswa kula kiasi gani ili apungue bila kuchelewesha mfupa kuunga?

JIBU

Ndugu msomaji, pole sana kwa ajali. Umeniita daktari, lakini mimi ni mtaalamu wa lishe, na tofauti hiyo ina maana kwa jambo uliloliweka mwishoni kabisa mwa barua yako, ambalo mimi naliweka mwanzo. Mshono wa upasuaji unaotoa majimaji katika wiki ya saba haupaswi kusubiri ushauri wa chakula. Lishe duni inaweza kuchelewesha jeraha kufunga, ni kweli, lakini inawezekana pia kwamba kuna maambukizi yanayoelekea kwenye chuma, na vijidudu vikishashika kwenye chuma ni kazi kubwa kuviondoa kwa vidonge peke yake. Rudi hospitali wiki hii, usingoje tarehe ya kliniki, na usianze kunywa dawa za kuua vijidudu zilizobaki nyumbani kabla jeraha halijaangaliwa.

Kuhusu swali lenyewe, jibu langu ni kwamba usiendelee hivyo. Daktari wako hakukosea kukuambia upunguze uzito. Kwa urefu wako, kilo 94 ni nyingi, na uchunguzi wa watu wazito wenye maumivu ya goti umeonyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Lakini bila shaka alikuwa anaifikiria safari ya miezi mingi, nawe ukaisikia kama amri ya kuanza kujinyima siku hiyo hiyo, wakati mfupa ungali katika kazi nzito kuliko zote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, huko Glasgow, mtafiti David Cuthbertson alipima mkojo wa wagonjwa waliovunjika mifupa ya miguu, akakuta wanapoteza naitrojeni nyingi kupita kiasi ambacho mahali palipoumia pangeweza kutoa. Naitrojeni hiyo ilitokana na protini inayobomolewa kutoka kwenye misuli ya mwili mzima, pamoja na ile isiyoguswa na ajali. Baada ya jeraha kubwa mwili huvunja misuli yake wenyewe ili upate malighafi ya kufunga kidonda, kupambana na vijidudu na kuujenga upya mfupa. Hali hiyo huwa kali zaidi katika siku za mwanzo, kisha hupoa kadiri wiki zinavyokwenda, lakini mgonjwa anayejinyima chakula huirefusha kwa hiari yake. Aidha, wengi hudhani kwamba mfupa ni chokaa tupu. Sivyo: kwanza hutandazwa kiunzi cha protini iitwayo kolajeni, na madini ya kalsiamu na fosforasi huja kukaa juu ya kiunzi hicho. Asiyekula protini ya kutosha anamwaga saruji mahali ambapo hapajafungwa nondo.

Kwa hiyo hizo kilo tatu zisikufurahishe. Ulipoacha ugali na wali ghafla, akiba ya wanga iliyomo kwenye ini na misuli ilitumika, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na takriban gramu tatu za maji, ambayo nayo yalitoka. Sehemu nyingine ni msuli, na paja lako ni shahidi. Sisemi kwamba limekonda kwa njaa tu, maana mguu usiotumika hukonda hata kwa anayekula vizuri. Lakini mlo mmoja kwa siku, hata ungekuwa na kipande kikubwa cha samaki na bakuli la maharage, ulikuwa unakupa gramu 45 au 50 za protini, ambayo ni nusu tu ya mahitaji yako. Mafuta ya tumboni nayo yamepungua kiasi, sikatai. Ndimu na tangawizi hazikuchangia chochote katika hilo, kwa kuwa hazina uwezo wa kuyeyusha mafuta, ingawa kikombe cha maji ya moto asubuhi hakina ubaya.

Nina wasiwasi pia na mizani yenyewe. Mtu anayesimama juu yake kwa mguu mmoja huku magongo yakigusa sakafu anauachia uzito mwingine uende kwenye magongo, na leo anaweza kusoma 94, kesho 96, bila kuwa amebadilika. Ongeza hapo uvimbe wa mguu, ambao ni maji, na utaona kwa nini siuamini sana mfululizo wa 93, 97 na 94.

Hata hivyo, tuzitumie tarakimu ulizonipa. Kwa kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, ambayo wataalamu wengi wa lishe huitumia, mwanamume huzidisha kilo zake kwa 10, huongeza urefu wa sentimita uliozidishwa kwa 6.25, hutoa umri uliozidishwa kwa 5, kisha huongeza 5. Kwako ni 940 jumlisha 1,075, toa 205, ongeza 5, jibu ni 1,815. Hizo ni kilokalori ambazo mwili wako ungetumia kwa siku hata ungelala tu bila kufanya lolote. Kwa mtu anayeshinda kitini na kitandani huzidishwa kwa 1.2, na hapo tunapata karibu 2,180, bila kuhesabu gharama ya uponyaji wala ya kutembea kwa magongo, ambayo huuchosha mwili kuliko kutembea kwa kawaida. Kwa sasa, basi, usishuke chini ya kilokalori 2,000. Ukila kiasi hicho hutanenepa, na ukipungua, utapungua polepole sana, jambo ambalo ndilo ninalolitaka.

Protini ndiyo tunayoipima kwa ukali zaidi. Kwa aliyejeruhiwa kama wewe napendekeza gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo, ila hatuhesabu kwa kilo zote 94, kwa sababu mafuta ya ziada hayahitaji protini nyingi. Uzito unaolingana na urefu wako hauzidi kilo 74. Tukiongeza robo ya zile 20 zilizozidi tunapata 79, na hivyo lengo lako ni kati ya gramu 95 na 119 kwa siku. Zigawe katika milo mitatu na kitafunwa kimoja, kwa kuwa mwili hujenga msuli vizuri zaidi protini inapoingia kwa awamu kuliko inapomiminwa yote usiku.

Hivi ndivyo sahani inavyoweza kuonekana kwa bei ya soko la kwenu. Asubuhi, uji wa ulezi uliopikwa kwa vijiko vinne vya chakula vya unga, glasi moja ya maziwa na mayai mawili ya kuchemsha: gramu 23 za protini. Mchana, bonge la ugali lenye ukubwa wa ngumi yako, kipande cha sato cha gramu 120 hivi, mchicha au matembele ya kutosha, na pera moja: gramu 38. Alasiri, glasi ya mtindi na konzi ndogo ya karanga: gramu 15. Usiku, kikombe cha wali, kikombe cha maharage, dagaa wakavu gramu 30 walioungwa na nyanya, na kipande cha papai: gramu 36. Jumla ni gramu 112, na nishati yake ni kilokalori 2,050 hivi, mradi anayekupikia apime mafuta kwa kijiko. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kilokalori 120. Akimimina kutoka kwenye chupa kwa makadirio ya macho, hesabu yote hii inaharibika kabla sufuria haijatoka jikoni. Ugali, kama unavyoona, haukuwa adui. Unapouondoa kabisa, mwili huchoma protini uliyoinunua kwa bei ghali ili upate nguvu za kawaida tu, na mfupa unabaki unasubiri.

Basi kilo nne za mwanzo zilitoka wapi? Nikubahatishie: wageni wanaokuja kukupa pole hawaji mikono mitupu. Huja na soda, juisi za boksi, maandazi, na wengi huleta supu ya kongoro kwa imani kwamba mfupa hutibu mfupa. Supu hiyo ni tamu nami siikatazi, lakini kalsiamu inayotoka kwenye mfupa uliochemshwa ni kidogo mno. Glasi moja ya maziwa, yenye miligramu 300 hivi, inaishinda kwa mbali, na dagaa wanaoliwa wazima na miiba yao wanaishinda pia. Ukiipenda supu, iache ipoe, engua mafuta yaliyoganda juu, kisha ipashe moto. Soda na juisi wape watoto wa wageni, au uziache kabisa.

Mahitaji ya kalsiamu kwa umri wako ni miligramu 1,000 kwa siku, na maziwa, mtindi na dagaa wa mpangilio huo vitakufikisha hapo au karibu sana na hapo. Vitamini D ndiyo inayoisaidia kalsiamu kufyonzwa, na mtu aliyefungiwa chumbani wiki saba huikosa hata akiishi katika nchi ya jua kali. Toa kiti nje, kaa juani mikono na miguu ikiwa wazi, kwa sababu kivuli cha barazani hakitoshi. Halafu kuna damu. Paja likivunjika linaweza kupoteza lita nzima au zaidi ndani ya nyama bila tone kuonekana nje, na kizunguzungu chako kinaweza kutokana na upungufu wa damu kama kinavyoweza kutokana na njaa, hivyo ukienda kuonyesha mshono omba na kipimo cha wingi wa damu. Chai ya rangi uinywe saa moja au zaidi baada ya mlo, maana huzuia madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga yasifyonzwe, ilhali pera na chungwa huyasaidia.

Kama unavuta sigara, acha. Sigara huchelewesha mfupa kuunga. Kama unatumia sindano au vidonge vya kisukari, ambavyo hukuvitaja, kufunga kula ni hatari ya papo hapo, na dozi ipangwe upya na daktari. Chai na vidonge vya kukata tumbo usiviguse, kwa kuwa vingi hufanya kazi kwa kuharisha au kukojoza, na mgonjwa asiyetembea sana anayepungukiwa maji anajiongezea uwezekano wa damu kuganda mguuni.

Sasa, lini upunguze kwa kweli? Subiri mambo matatu yatimie: mshono uwe mkavu kabisa, picha ya eksirei ionyeshe mfupa mpya umevuka mahali palipovunjika angalau katika pande tatu kati ya nne, na daktari akuruhusu kukanyagia mguu kwa uzito wote. Kwa mfupa wa paja hiyo huwa kati ya miezi mitatu na sita tangu ajali. Na hapa kuna habari njema ambayo wagonjwa wangu wengi hawaitarajii: hutahitaji kubadilisha sahani. Ukianza kutembea na kurudi kwenye shughuli zako, mahitaji yako yatapanda hadi kilokalori 2,540 hivi, yaani 1,815 mara 1.4, na sahani ile ile ya 2,050 itakuwa imepungua kwa karibu 500 bila wewe kuondoa hata kijiko kimoja. Kwa kiwango hicho utapungua takriban nusu kilo kwa wiki, na usitafute zaidi ya hapo.

Kwa sasa kazi yako nyingine ni kuuambia msuli kwamba bado unahitajika. Mtaalamu wa fiziotherapia akikubali, kaza msuli wa paja bila kukunja goti, uhesabu hadi tano, ulegeze, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Na mikononi inua chupa za maji za lita moja na nusu ukiwa umekaa.

Badala ya mizani tumia futi ya fundi cherehani. Kila Ijumaa asubuhi kabla ya kula, pima kiuno usawa wa kitovu, na pima kila paja sentimita 15 juu ya kifuniko cha goti, kisha andika tarakimu zote tatu kwenye daftari. Kiuno kikibaki palepale au kikipungua kidogo huku paja la kulia likianza kulikaribia la kushoto, sahani inafanya kazi. Paja likiendelea kukonda baada ya wiki tatu, ongeza yai moja na glasi moja ya maziwa, na umwonyeshe afisa lishe wa hospitali ya mkoa daftari hilo siku utakayokwenda kupiga picha nyingine ya eksirei. Kilo utaziandika utakapoweza kusimama juu ya mizani bila magongo.